Nimejijengea amplifaya ya valvu nyumbani: valvu tatu, transfoma nne na choki ya tyubulaiti

FundiMchana:
Wakuu salama? Nilisema mwezi uliopita mzigo ukiimba nitaleta uzi, sasa umeimba wiki mbili mfululizo haujanichoma wala haujaniunguzia nyumba kwa hiyo leo natema yote. Picha kesho, kamera ya simu imepasuka, msianze.

Ni stereo. Valvu (zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio za zamani) tatu tu, ECC83 moja katikati na EL84 mbili pembeni. ECC83 ni valvu mbili ndani ya kioo kimoja, nusu inahudumia kushoto nusu kulia, halafu kila upande unaishia kwenye EL84 yake inayosukuma spika kupitia transfoma. Hamna kingine. Ukigeuza chasis ukahesabu rezista hazifiki ishirini, mtu aliyezoea bodi za sabufa atadhani nimesahau kufunga kitu.

Nguvu ni kama wati 4 kila upande. Ndiyo, nne. Najua kuna mtu ameshacheka huko. Kwa spika nzito zinazokula umeme haitoshi, ila mimi natumia spika za redio kubwa ya zamani zenye koni ya karatasi nyepesi na wati 4 hizo mke wangu anaomba nipunguze.

Nilichojifunza, na ndicho kimenileta hapa: kila mtu anauliza valvu nimepata wapi. Valvu unanunua, zinatengenezwa mpaka leo, kuna kiwanda Slovakia, kuna Urusi, kuna China, unaagiza unasubiri zinafika zimeviringishwa sponji. Kazi iko kwenye transfoma. Hizo ndizo zimenila miezi mitano na ndizo zinazoamua kama unasikia mziki au unasikia kopo. Ulizeni.

dogo_veta:
Nimekaa pale mkuu. Mimi nipo chuo mwaka wa pili umeme. Swali la kwanza, EL84 inataka volti 250 za DC na hita, ule waya wa ndani unaoipasha valvu moto, inataka 6.3, transfoma ya namna hiyo Kariakoo nimezunguka duka kwa duka wananiangalia kama nimetoroka wodini. Wewe ulifanyaje?

FundiMchana:
Hahaha mimi walinipa transfoma ya chaja ya betri wakaniambia jaribu hii boss.

Sikia dogo. Nilinunua transfoma mbili za kawaida kabisa za 230 kwenda 12, moja VA 100 (kipimo cha ukubwa wa transfoma, kama wati) nyingine VA 50. Ile kubwa inachukua umeme wa ukutani inatoa 12. Hiyo 12 naiingiza kwenye ile ndogo KINYUMENYUME, yaani kwenye upande wake wa 12, upande wa pili inatoka kama volti 200 na kitu za AC. Haifiki 230 kwa sababu transfoma ndogo huwa zinasokotwa na nyongeza kidogo ya kufidia mzigo, ukigeuza ile nyongeza inakula kwako. Diodi nne za 1N4007, kapasita, unapata DC ya 250 hivi mzigo ukiwa juu. Na hapo umeshatenganishwa na umeme wa ukutani mara mbili.

Utamu ni kwenye hita. Ile 12 ya katikati inawasha hita pia. EL84 moja inataka 6.3 na miliampia 760, mbili zinafanana kwa hiyo nimezifunga mfululizo zinagawana 12 nusu kwa nusu. ECC83 imeumbwa na hita mbili ndani, ukitumia pini 4 na 5 inakula 12 moja kwa moja. Ile pointi inayokutanisha hita mbili za EL84 nimeipeleka graundi, mvumo ukapungua sana, maana sasa hita zinakwenda 6 juu 6 chini badala ya upande mmoja kuning'inia.

Kichwa Maji:
Mkuu kwa heshima yote, IC za amplifaya TDA2030 mbili bei ya chipsi kavu, unapata wati zaidi ya kumi na sauti safi. Miezi mitano kwa wati nne? Si bora ungelima matikiti.

FundiMchana:
Ukipima kwa mashine TDA inanishinda vibaya, sibishani, upotoshaji wake ni mdogo mara nyingi kuliko wangu. Hii yangu inaongeza rangi yake, hasa ile sauti ya mara mbili juu ya noti, oktavu, na sikio linaipenda. Matikiti nililima 2019, niulize yaliishia wapi.

Mzee Lehemu:
Vijana nawasalimu. Mimi nimeanza kutengeneza redio wakati transista bado ni kitu cha kusimuliwa, na naona huyu kijana amenikumbusha harufu ya vumbi likiungua juu ya kioo cha valvu.

Nataka kusema jambo moja kabla hamjauana. Kuna redio za zamani mtaziona kwa wazee, ndani zina valvu zinazoanza na herufi U, UL84, UCL82 na kadhalika. Hizo nyingi HAZINA transfoma ya umeme. Hita zimefungwa mfululizo zote zinakula umeme wa ukutani na chasis imeungwa moja kwa moja kwenye waya mmoja wa ukuta. Plagi ikigeuka chasis nzima ni moto. Nilikuwa na mwenzangu tulikaa naye benchi moja alishika chasis huku mguu peku kwenye sakafu ya saruji mbichi, alirushwa mpaka kwenye kabati la vioo, mkono ulikaa wiki haushiki kikombe. Kwa hiyo asije mtu kuchukua redio ya U akatoboa tundu la kuchomeka simu. Na transfoma ya spika ya UL84 pia si ya EL84, ile inataka mzigo wa omu 2,400 hivi, EL84 inataka 5,200.

MamaSpika:
Shikamoo mzee. Haya sasa mkuu FundiMchana tuambie hiyo transfoma ya spika, wengine tumekuja kwa ajili hiyo. Mimi nimeshatoboa hadi mbao.

FundiMchana:
Marahaba ya mzee naipokea kwa niaba yake dada. Haya kaa chini, hii ndefu.

Valvu ina volti nyingi na mkondo kidogo. Spika ya omu 8 inataka kinyume chake. Transfoma inawasuluhisha. EL84 inataka ione omu 5,200, spika ina 8, gawanya unapata 650, kipeuo chake cha pili ni 25 na nusu. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa upande wa spika upande wa valvu uwe na 25 na nusu. Hesabu ndiyo imeisha, sasa mikono.

Nilikwenda kwa fundi wa kusokota mota, wale wanaosokota pampu za visima na feni. Nilimkuta anakula mihogo, nikamwambia nataka mizunguko 2,500 ya waya wa milimita 0.18 na 98 ya waya wa milimita 0.8, akaniuliza mota ya nini hiyo, nikamwambia ya mziki. Alicheka mpaka akapaliwa. Lakini yule bwana ana mashine ya mkono yenye kihesabio na ana subira kuliko mimi, na mabati ya koo (core, kile chuma cha katikati ya transfoma) anayo kwenye gunia, nilichagua ya umbo la E na I ambayo mguu wa kati ni sentimita 2.8 na nikapanga unene huohuo, yaani eneo kama sentimita 8 za mraba.

Transfoma ya kwanza alisokota kwa mazoea yake, waya wa spika wote chini, wa valvu wote juu. Ikaimba, besi ipo, ila matoazi na herufi S zote zimefunikwa blanketi. Ya pili nikakaa naye: mizunguko 1,250 ya valvu kwanza, karatasi, 98 za spika, karatasi, halafu 1,250 zilizobaki juu. Mkate nyama mkate. Blanketi likaondoka palepale, mpaka yeye mwenyewe aliacha mihogo akaja kusikiliza.

Kuna na hili la pili ambalo nusura liniue kwa mawazo. Mabati ya transfoma ya kawaida yanapangwa kwa kupishana, E hii huku E hii kule. Kwenye amplifaya ya valvu moja kila upande USIPISHANISHE. E zote upande mmoja, I zote upande mwingine, na katikati yao weka karatasi. Sababu ni kwamba mkondo wa DC wa miliampia 48 unapita kwenye waya huo muda wote, chuma kikifungwa bila mwanya kinashiba sumaku, kikishashiba besi inakufa na kinachobaki kinakwaruza. Mimi mwanya wangu ni karatasi moja ya daftari la shule la mwanangu, ile yenye mistari. Nilikata kwa mkasi kufuata umbo la I, nikabana na boliti. Baada ya kupima nikaizamisha yote kwenye vanishi yake ya mota ikakauka juani siku mbili, bila hivyo mabati yanaimba yenyewe kama nzi kwenye chupa.

Otis wa Luthuli:
Buda hii thread imeweza! Huku Nairobi sisi hutumia transfoma za zile spika za honi za msikiti na kanisa, za laini ya volti 100. Ukichukua tepu (ule waya wa kuchagua nguvu) ya wati 2, mia mara mia gawa kwa mbili inakupa omu elfu tano, kitu karibu kabisa na yako. Na hazina bei. Mbona usumbuke na kusokota?

FundiMchana:
Otis karibu jirani. Nilizijaribu hizo kabla ya fundi mota. Omu ni kweli zinakubali, ila mabati yake yamepishanishwa hayana mwanya, na mara nyingi ni ndogo kama kiberiti. Ukipitisha 48 mA humo besi inakuaga. Kwa redio ya jikoni ya kusikiliza taarifa ya habari sawa. Ukifungua ukapanga upya na karatasi unaweza kuikoa, ila kichuma kidogo ni kidogo tu. Wewe unayo kubwa?

Otis wa Luthuli:
Ziko za wati 30 lakini hizo tepu ya 2 hazina. Sasa nimeelewa kwa nini yangu huwa inasound kama simu ya kibanda. Na hapa kwetu stima ni 240, nitapata volti kidogo juu ama?

FundiMchana:
Utapata juu kidogo, pima kwenye kathodi, ule mguu wa valvu unaoshuka graundi kupitia rezista. Mimi nina rezista ya omu 150 ya wati 2 chini ya kila EL84, juu yake nasoma volti 7.2. Gawa, ni miliampia 48, hapo valvu inaunguza kama wati 10 na mwisho wake ni 12. Ukisoma 8.5 au 9 ongeza rezista.

dogo_veta:
Mkuu kapasita za 400V unapata wapi, dukani nimekuta za 25V na 50V tu.

FundiMchana:
TV za chogo! Tangu analojia izimwe Dar tarehe 31 Desemba 2012 halafu flati zikashuka bei, kila fundi redio ana rundo la chogo nyuma ya banda. Kila moja ina kapasita moja nene ya 100 mpaka 220uF ya 400V kwenye sehemu ya umeme. Chagua ambayo haijatuna kichwa. Mimi nina 100uF, kisha choki (koili ya waya kwenye chuma), kisha 220uF. Na choki yenyewe ni ya tyubulaiti ya wati 36, lile tofali zito la chuma la zamani, siyo ya kielektroniki. Inafanya kazi ya kulainisha umeme vizuri ajabu. Baada ya hapo kwa ECC83 kuna rezista ya 10k (omu elfu kumi) na kapasita ndogo 22uF yake peke yake.

Kichwa Maji:
Sasa hapo nimeanza kuelewa. Kumbe ni jalala linaloimba.

FundiMchana:
Umesema kweli leo.

Ila jalala hilo nimelilipia ada. Ada ya kwanza: muuzaji mmoja wa mtandaoni simtaji, alinitumia 6N2P ya Kirusi akasema ni ileile ECC83. Kwa kukuza sauti ni ndugu kweli. Ila hita yake iko pini 4 na 5 na ni ya 6.3, haina habari na 12. Nikaichomeka kwenye soketi yangu ya 12. Wakuu, valvu nzuri inawaka rangi ya kaa la mkaa lililofifia, hii iliwaka kama taa ya pikipiki, nyeupe, nikasimama naishangaa inavyopendeza, sekunde tano, tik. Kimya. Kosa langu, karatasi ya data nilikuwa nayo kwenye simu sikusoma.

Ada ya pili ni fidibaki. Unachukua sauti kidogo kutoka sekondari, yaani upande wa spika wa transfoma, unairudisha kwenye kathodi ya ECC83 kupitia rezista, mimi 47k, inasafisha sauti na kuipa spika nidhamu. Nikaunga saa nne usiku nikawasha, ikapiga mluzi mmoja mkali mbwa wa mtaa mzima wakaitika. Jirani alinitumia meseji moja tu: "KWEMA?" Nilikuwa nimegeuza nyaya za sekondari, badala ya kupunguza ikawa inajiongeza yenyewe. Nikabadilisha nyaya mbili ikatulia.

MamaSpika:
Nimecheka hiyo kwema hahaha. Mimi yangu sasa, nimefuata mchoro kama wako ila nilisokotesha transfoma zangu kwa fundi wa huku Tanga. Kulia safi. Kushoto kuna mmmmmm haiondoki hata volyumu ikiwa sifuri. Nimebadilisha EL84 za kushoto na kulia, mmm imebaki kushoto palepale.

Mzee Lehemu:
Binti umefanya jambo la akili kubadilishana valvu, hapo valvu zimeshajitetea. Mvumo usiobadilika na volyumu mara nyingi ni mambo mawili, graundi zimesambaa kila mahali au transfoma zinanong'onezana. Transfoma yako ya kushoto ipo umbali gani na ile ya umeme?

MamaSpika:
Zimekaa ubavu kwa ubavu mzee, vidole viwili. Nilitaka zipendeze zipangane kama askari.

FundiMchana:
Ndiyo hiyo dada. Fanya hivi, zima kila kitu, ngoja chaji iishe, toa valvu zote, fungua hiyo transfoma ya kushoto itoe kwenye chasis pamoja na nyaya zake zitenganishe kabisa. Unga hedifoni kwenye nyaya zake za spika. Washa transfoma ya umeme peke yake. Valvu hazimo lakini utasikia mmm masikioni, ni sumaku inavuka hewani. Sasa ishike kwa upande wa mabati izungushe taratibu, utafika pembe moja mvumo unazama karibu wote. Piga penseli hapo, funga hivyohivyo hata kama imekaa upande kama mlevi. Mimi zangu zimekaa robo mzunguko tofauti na ya umeme na mgeni akija anauliza kwa nini imepinda.

Mzee Lehemu:
Na mikono yako isiguse nyaya za upande mwingine wa transfoma ya umeme wakati huo, zina volti 200 na zaidi na mzigo haupo.

FundiMchana:
Asante mzee, hapo umeniokoa.

Kuhusu hilo kwa wote: zile kapasita ukizima zinabaki na volti 250 kimya kimya. Nimefunga rezista ya 220k juu yake, inazimwaga yenyewe ila inachukua kama dakika tano, na siiamini, lazima niweke mita kwanza nione iko chini ya volti 10 ndipo niingize kidole. Kupima wakati imewaka nabana waya mweusi wa mita kwenye chasis kwa klipu, napima kwa mkono mmoja, mwingine mfukoni. Chasis iungwe pini ya ethi ya plagi, ile kubwa ya juu, na nyumba iwe na ethi kweli, siyo pini ya mapambo. Kuwasha mara ya kwanza pitisha umeme kwenye bulbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa siriz. Ikiwaka kali ikaganda hivyohivyo una shoti mahali, zima. Ikiwaka kidogo ikafifia endelea. Na usiwashe kamwe bila spika ukaingiza mziki, volti inapanda kwenye transfoma inatafuta pa kutokea, vanishi inatoboka na miezi yako mitano ndiyo hiyo.

Otis wa Luthuli:
Chasis ulitumia nini?

FundiMchana:
Fremu ya mninga, juu bati la alminiamu nililokata kwenye sinia kuukuu. Mke ananidai sinia mpaka leo.

Mzee Lehemu:
Sinia si ajabu. Mwaka 1949 huko Lusaka, enzi za Rhodesia ya Kaskazini, waliletewa redio ya valvu nne ya betri iliyotengenezwa na Ever Ready, kasha lake duara la alminiamu kama la sufuria, na jina lake likawa hilohilo la sufuria. Iliuzwa pauni tano. Kwa hiyo kijana sinia lako lina ukoo.

MamaSpika:
Nimerudi. Nimezungusha. Pembe ilikuwa kama saa nane ya ukutani, mmm imebaki mpaka uweke sikio kwenye koni. Imekaa vibaya sana ila nimeweka Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz hapa, lile gitaa linatoka mbele kabisa, mama yangu ametoka jikoni na mwiko mkononi kauliza ni redio gani hiyo.

FundiMchana:
Tupia picha dada, iliyopinda hivyohivyo.

dogo_veta:
Wakuu mimi nimeunga ya umeme leo jioni, valvu zipo, bulbu ya siriz ilififia nikaitoa. Lakini mita inasoma 312 kwenye kapasita ya kwanza! Mlisema 250. Nimezima nimekimbilia nje kwanza.

FundiMchana:
Rudi ndani. Diodi zinatoa volti papo hapo, valvu zinachukua nusu dakika hivi kupata moto ndipo zianze kula. Mpaka zipate moto hamna mzigo kwa hiyo volti inapanda hapo, ndiyo sababu nikasema kapasita za 400 na siyo 250. Iangalie, itashuka yenyewe. Ikiwa baada ya dakika moja bado 312 basi EL84 hazivuti, angalia pini 3 na pini 9.

dogo_veta:
Sawa mkuu. Ngoja nivae viatu kwanza.

dogo_veta:
Imeshuka. 251.